Mshororo wa kwanza wa wimbo: nifungulie wapi?

Swali

Salamu kwenu nyote mnaotunga na mnaopenda utunzi. Naomba msaada katika jambo ambalo limenisumbua kwa muda mrefu, nalo ni mshororo wa kwanza wa wimbo. Kiitikio hunijia kwa urahisi, mara nyingi pamoja na mahadhi yake, na beti za katikati hazinitoi jasho sana. Lakini ninapofika mahali pa kufungulia wimbo, hujikuta nikiandika maneno ambayo hata mimi mwenyewe, lau ningeyasikia kwa mtu mwingine, nisingeyategea sikio.

Wimbo nilionao sasa unahusu urafiki uliokwisha bila ugomvi. Hakuna aliyemkosea mwenzake. Simu zilipungua, salamu zikawa za nadra, mwishowe zikakoma. Kiitikio nimekikamilisha na nakipenda:

Hatukugombana,
tuliacha tu kuitana.

Ubeti wa kwanza, kama ulivyo sasa, ni huu:

Maisha ni safari ndefu, ina milima na mabonde,
Leo nimekaa peke yangu, nawaza mambo ya zamani,
Mwavuli wako bado upo, umesimama nyuma ya mlango,
Mvua zimepita tatu, hujaja kuuchukua.

Nimewaimbia watu watatu. Wote walisema kiitikio kimewagusa, ila mmoja wao alinieleza kwa uungwana kwamba alianza kusikiliza ubeti ulipofika katikati, na kauli hiyo imenikaa moyoni tangu siku hiyo. Ningependa kujua mshororo wa kwanza unapaswa kufanya kazi gani hasa. Je, ni lazima utangulize mada ili msikilizaji ajue anapelekwa wapi, au ni afadhali afichwe? Na ninyi wenzangu huuandika mwanzo au mwisho?

Jibu la kwanza

Ndugu mtunzi, huyo aliyesema kwamba alianza kusikiliza katikati ya ubeti amekupa jibu bila kujua. Mshororo wako wa kwanza umekwisha kuuandika, isipokuwa umeuweka mahali pa tatu.

Mishororo yako miwili ya mwanzo ni ya kusafisha koo. Sisemi hivyo kwa kukudharau, kwa maana karibu kila mtunzi huiandika na ina faida yake: ndiyo inayotufikisha mahali wimbo ulipo. Kosa ni kuiacha ndani baada ya kufika. Uchukue huo wa "Maisha ni safari ndefu" uuweke mwanzoni mwa wimbo wa mapenzi, kisha mwanzoni mwa wimbo wa msiba, kisha mwanzoni mwa wimbo wa kumsifu mzazi. Utakaa sawasawa kote bila kubadilishwa neno. Mshororo unaoweza kuazimwa na wimbo wowote si mali ya wimbo wako, na sikio hulitambua jambo hilo upesi kuliko akili. Msikilizaji hajiambii kwamba ameyasikia haya mara nyingi. Anachofanya ni kuendelea na shughuli aliyokuwa nayo, akingoja aambiwe jambo.

Wa pili, "Leo nimekaa peke yangu, nawaza mambo ya zamani", una kasoro ya aina nyingine ambayo naiona mara kwa mara katika kazi za wanaoanza, na hata katika rasimu zangu mwenyewe. Hiyo ni picha ya mtunzi akiwa anatunga. Kweli ulikuwa umekaa, kweli ulikuwa peke yako, na kweli ulikuwa unawaza, kwa sababu hivyo ndivyo mtu anavyokuwa anapotafuta maneno. Lakini msikilizaji hana haja ya kuona meza uliyoandikia. Ana haja ya kuona kile ulichokiona ulipoinua macho, na ulichokiona ni mwavuli.

Tazama sasa kazi ambayo mwavuli huo unaifanya. Ni kitu kimoja tu, cha kawaida, kila mtu anaweza kukiwazia bila kuelezwa. Ila kuna mtu aliyekisahau na mtu ambaye hajakiondoa, na kati ya kusahau kwake huyu na kutoondoa kwake yule pana urafiki mzima. Hujataja huzuni wala upweke wala kumbukumbu. Msikilizaji ameyapata yote hayo mwenyewe, na jambo ambalo mtu amelipata mwenyewe hulishika kuliko lile alilopewa.

Kuhusu kutangaza mada, mimi nasema usiitangaze. Una kiitikio ambacho kazi yake ni kufichua: hatukugombana, tuliacha tu kuitana. Ukimwambia msikilizaji mapema kwamba wimbo ni wa urafiki uliokufa, kiitikio kitafika kikiwa hakina habari mpya, nacho ndicho chenye uzito mkubwa kuliko sehemu zote. Acha ubeti uonyeshe mabaki, kiitikio kieleze yalikotokea. Kata hiyo miwili ya juu, anzia kwa mwavuli, halafu utafute mishororo miwili mingine ya kujaza chini.

Jibu la pili

Nakubaliana na aliyetangulia kuhusu kukata, lakini mimi ningekata zaidi. Ningeuruka hata huo wa tatu na kufungulia wimbo kwa ule wa nne, nikiugeuza kidogo tu:

Mvua tatu zimepita, hujaja kuuchukua.

Naomba nieleze kwa nini, maana sababu yenyewe imo ndani ya lugha yetu na nadhani watunzi hatuitumii vya kutosha. Kitenzi cha Kiswahili hubeba watu na vitu tumboni mwake. Ukisema "kuuchukua", tayari umetaja kitu, kwa ile silabi moja ya "u", kabla hujakitaja kwa jina. Msikilizaji anajua kwamba kipo, anajua kwamba ni kimoja, anajua kwamba ni mali ya mtu anayeambiwa, lakini hajui ni nini. Akili yake inaanza kupekua: ni mkoba? Ni ufunguo? Ni mkufu? Na kwa kuwa anasikiliza wimbo, na nyimbo nyingi ni za mapenzi, neno litakalomjia kwanza huenda likawa "moyo", kwa sababu nao huchukua "u" ileile. Ataanza kuusikiliza wimbo wako akidhani unamzungumzia mpenzi aliyeuacha moyo wa mtu bila kuuchukua, kisha mshororo unaofuata umwonyeshe mwavuli. Hapo atakuwa amehisi mapenzi na kitu cha kushikika kwa pamoja, na wewe hujatumia neno "moyo" hata mara moja. Upatanisho wa kisarufi umekufanyia kazi ambayo tamathali tatu zisingeifanya.

Jambo la pili ni njeo, yaani wakati unaoonyeshwa na kitenzi. Naomba usiiguse hiyo "-ja-" uliyoiweka, hata kama mizani, yaani hesabu ya silabi, itakulazimisha kubadilisha mengine yote. "Hukuja kuuchukua" ni habari iliyofungwa: siku ilipita, mtu hakutokea, basi. "Hujaja kuuchukua" inasema kwamba hadi dakika hii bado, na neno "bado" lina mlango ulioachwa wazi. Anayeimba hajakata tamaa, wala hasemi kwamba hajakata tamaa. Kiambishi ndicho kinachosema kwa niaba yake. Tofauti kati ya wimbo wa kulalamika na wimbo wa kungojea imo katika silabi hiyo moja, na msikilizaji anaipokea mwanzoni kabisa, kabla hajajua lolote lingine.

Nadhani kila anayetunga angepaswa kuujaribu mshororo wake wa kwanza katika njeo kadhaa kabla ya kuukubali. Ile "-li-" huweka umbali na kumfanya mwimbaji awe msimulizi, jambo ambalo ni zuri kwa wimbo wa kisa kirefu. Ile "-me-" huleta tukio lililokwisha na kuyaacha matokeo yake mbele ya macho, kama mlango uliofunguka na haujafungwa. Ile "hu-" hulifanya jambo kuwa desturi, na kwa kufungulia wimbo naiona dhaifu, kwa sababu desturi haina tukio. Lakini ipo "-ka-", ambayo kwa kawaida hufuata tukio jingine lililokwisha kutajwa. Ukiianza nayo wimbo, ukasema kwa mfano "Nikageuka nisikuone", msikilizaji anahisi kwamba amechelewa, kwamba kuna mambo yaliyotokea kabla hajafika, na anasogea karibu ili ayakamate. Si ya kutumiwa kila siku, ila ikikaa mahali pake ina nguvu kubwa.

Na mwisho, kumbuka kwamba "a-" yetu haisemi kama anayetajwa ni mwanamume au mwanamke. Unaweza kumwimba mtu ubeti mzima na kila msikilizaji akamwona wake.

Jibu la tatu

Mimi kazi yangu zaidi ni kuweka mahadhi kwenye maneno ya watu wengine na kuyaimba, kwa hiyo nitauangalia mshororo huu kwa sikio badala ya jicho. Nimefurahishwa sana na hoja ya kuficha kitu ndani ya kitenzi, lakini nina tahadhari moja. Msomaji akipotea hurudi nyuma akasoma upya. Msikilizaji hana nafasi hiyo. Fumbo la "u" ni tamu kwa muda fulani, na likipita muda huo linageuka kuwa kutoelewa, na mtu asiyeelewa haulizi, huacha kusikiliza. Kwa hiyo mwavuli utajwe ndani ya ubeti uleule wa kwanza, tena kabla ya mshororo wa mwisho.

Sasa tuhesabu. "Mvua tatu zimepita" ni mizani 8. "Hujaja kuuchukua" ni mizani 8 pia. Umepata mshororo wa 8 kwa 8, yaani kipimo ambacho masikio ya wasikilizaji wa Kiswahili yamekizoea kutoka kwenye mashairi, na umeupata bila kuutafuta. Ukiuimba kwa mwendo wa mapigo 90 kwa dakika, kila silabi ikichukua nusu ya pigo, mshororo mzima utakwisha katika mapigo 8, ambayo ni sekunde 5 na theluthi moja. Huo ndio muda ulio nao wa kumfanya mtu ageuze shingo.

Lakini mizani peke yake haitoshi, na hapa ndipo watunzi wengi wanaoandika vizuri kwenye karatasi hukwama wanapoingia studio. Mkazo wa neno la Kiswahili hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na mahadhi nayo yana mapigo mazito na mepesi. Mkazo wa neno ukiangukia pigo jepesi huku silabi isiyo na mkazo ikipigwa kwa nguvu, neno linasikika kama limetamkwa na mtu asiyelijua. Wakati mwingine maana yenyewe hubadilika: "barabara" ikitiwa mkazo kwenye silabi ya tatu ni njia, na ikitiwa mkazo kwenye silabi ya pili ni sawasawa. Kwa hiyo kabla ya kuukubali mshororo, useme kwa sauti ukipiga meza kwa kidole, na uone kidole kinaangukia wapi.

Nusu yako ya kwanza imekaa vizuri mno. Mkazo upo kwenye "mvu" ya "mvua", "ta" ya "tatu" na "pi" ya "zimepita", yaani silabi ya 1, ya 3 na ya 7, na zote hizo ni nafasi zenye pigo. Nusu ya pili inaniletea tabu. "Hujaja" ina mkazo kwenye silabi ya 2, katikati ya mapigo, kwa hiyo mwimbaji atalazimika ama kuivuta, ama kuisema "HU-jaja", na hiyo ya pili inaudhi sikio. Pendekezo langu ni hili:

Mvua tatu zimepita, bado hujauchukua.

Mizani ni 8 ileile. Mkazo sasa uko kwenye "ba" ya "bado", silabi ya 1, na kwenye "ku" ya "hujauchukua", silabi ya 7. Nusu mbili zinaanza na kuishia kwenye mapigo yaleyale, kama miguu miwili ya mtu anayetembea. Mwenzangu aliyeomba "-ja-" isiguswe ataona kwamba ipo, na kwamba "bado" aliyoisikia ikiwa imejificha sasa imesemwa. Labda ataona imesemwa kupita kiasi. Mimi nadhani katika kuimba, tofauti na kuandika, neno la namna hiyo huhitaji kusikika.

Kitu kingine ni irabu. Mshororo huu unaishia kwa "a" katikati na mwisho, na hiyo ni bahati njema, kwa kuwa "a" hufungua kinywa na mwimbaji anaweza kuivuta au kuipandisha bila kubana koo. Mishororo inayoishia kwa "i" au "u" si mibaya, ila usiipangie sauti ya juu kabisa ya mahadhi yako. Udhaifu pekee ninaouona ni kwamba wimbo unaanza na "mvu", silabi yenye sauti ya chini ambayo ala zikiwa zinavuma inaweza kumezwa, na neno la kwanza likimezwa mtu atasikia "tatu zimepita" na kujiuliza ni siku au ni saa. Ungeweza kugeuza iwe "Zimepita mvua tatu", ambapo "mvua" inaingia sikio likiwa limekwisha kutulia. Lakini utaishia kwa "tu", na kina cha katikati kitabadilika. Mimi ningebaki na mpangilio wako na kuwaomba wapigaji wanyamaze kwa pigo moja kabla ya sauti kuingia. Ukimya huo mfupi huinua neno la kwanza kuliko ngoma yoyote.

Jibu la nne

Nitajibu swali lililoachwa, la kuandika mwanzo au mwisho, kisha niongeze jambo moja kuhusu methali.

Mimi huuandika mwisho. Huanza na mshororo wowote ule, hata mbovu, ili nipate mahali pa kusimama. Nikishamaliza wimbo ndipo ninaporudi mlangoni, kwa sababu siwezi kumkaribisha mgeni katika nyumba ambayo sijui ina vyumba vingapi. Huandika mianzo kumi hivi kwenye karatasi tupu bila kuchagua, nikalala, na asubuhi nikamsomea mtu mmoja ule mshororo peke yake, bila mahadhi na bila maelezo. Simwulizi kama ni mzuri. Namwuliza anataka kujua nini. Akisema "nani huyo?" au "kisha ikawaje?" au "ni kitu gani hicho?", nimepata. Akisema "ni mzuri", naufuta.

Kumwita mtu moja kwa moja ni njia ya kale na bado ina nguvu. Utendi wa Mwana Kupona, wa mwaka 1858, unaanza na mama akimwita binti yake asogee karibu asikilize wosia, na katika ubeti wa pili tu tunaambiwa kwamba maradhi yamemshika hadi umetimia mwaka. Hatujahubiriwa lolote bado; tunajua ni nani anayesema, anamwambia nani, na kwa nini hawezi kungoja. Mshororo wako wa mwavuli unamwita mtu vilevile, kwa "hu-" ya "hujauchukua", na kila anayesikia "wewe" katika wimbo huanza kujishuku kwamba huenda ni yeye.

Kuhusu methali, naona watu wengi wakifungulia nazo kwa sababu zina mizani na vina tayari. Ikiingia nzima kama ilivyo, msikilizaji anaimalizia mwenyewe kichwani kabla hujafika mwisho, na hapo umempoteza. Iingize ikiwa imevunjika. Wote tunajua akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Katika wimbo wako, ambamo marafiki hawakuachana wakati wa dhiki bali baadaye, ubeti wa pili ungeweza kuanza hivi:

Ulinifaa kwa dhiki, kwenye raha tukashindwa.

Nakupa mshororo huo kama utakufaa.

Muulizaji

Ndugu zangu, nawashukuru kwa moyo wote. Nimekaa na majibu yenu kwa siku mbili na nimeuandika ubeti upya tangu mwanzo, nikifuata kipimo cha 8 kwa 8 ambacho sikujua kwamba nilikuwa nimekikaribia. Nimejaribu pia kuvishika vina vya mshororo wa kwanza, "ta" katikati na "ua" mwishoni:

Mvua tatu zimepita, bado hujauchukua,
Kila siku naufuta, ila sijaufungua,
Mwavuli ulioleta, asubuhi yenye mvua,
Namba yako naipita, kidole kinapotua.

Niliusoma mshororo wa kwanza peke yake kwa yule aliyeniambia kwamba alianza kusikiliza katikati. Aliniuliza: "Hajauchukua nini?" Nilifurahi kuliko nilivyotarajia.

Nina mambo mawili ya kuuliza kabla ya kuufunga. La kwanza, nimeutaja mwavuli katika mshororo wa tatu, je, nimechelewa? La pili, nilipopiga meza kwa kidole kama nilivyoelekezwa, nimeona kwamba "mwavuli" na "kidole" zote zina mkazo kwenye silabi ya 2, yaani kosa lilelile la "hujaja". Nimehangaika kuzibadilisha na kila nilichopata kimeua maana. Mshororo wa methali nimeupokea kwa furaha na ndio unaofungua ubeti wa pili.

Jibu la mwandishi wa jibu la pili

Kwa upande wangu hujachelewa hata kidogo, na huo mshororo wa pili umenigusa sana. "Naufuta" na "sijaufungua" zinaongeza vidokezo bila kutoa jibu: ni kitu kinachoshika vumbi, ni kitu kinachofunguka. Msikilizaji aliyedhani ni moyo anaweza kuendelea kudhani hivyo, maana hata moyo husemwa kwamba umefunguliwa, na yule aliyekuwa anakaribia kujua anakaribia zaidi. Naona pia kwamba umeirudia "-ja-" kwa mtu mwingine: wewe hujauchukua, mimi sijaufungua. Wote wawili wamesimama mahali pamoja bila kujua, na kiitikio kinakuja kulisema hilo. Kuhusu "bado", nakiri kwamba nilisita, lakini nimeuimba na naona mwenzangu alikuwa sahihi.

Jibu la mwandishi wa jibu la tatu

Mwavuli uko mahali pake. Kwa mwendo wa mapigo 90, mishororo miwili ya kwanza inachukua chini ya sekunde 11, na ukiongeza mapigo manne ya kuvuta pumzi kabla ya wa tatu, fumbo lako litadumu kama sekunde 13. Sikio linavumilia hizo bila shida, hasa likiwa linapewa vidokezo njiani.

Hiyo pumzi ndiyo pia itakayokutatulia "mwavuli". Kwa kuwa kuna nafasi tupu kabla yake, iache "mwa" iingie mapema, nusu pigo kabla ya pigo zito, na "vu" ndiyo iangukie kwenye pigo lenyewe, kisha uivute mpaka ijaze pigo zima. Baada ya hapo "li" inakaa kwenye pigo la pili, na ukiendelea kawaida "le" ya "ulioleta" itaangukia pigo la nne bila kulazimishwa. Zaidi ya kulirekebisha kosa, kuivuta silabi hiyo kutalipa uzito neno ambalo msikilizaji amelingojea.

"Kidole" iache ilivyo. Mkazo unaoangukia kati ya mapigo si kosa kila mahali. Ni kosa pale ambapo sikio bado halijajua pigo liko wapi. Ndiyo maana niliikataa "hujaja" katika mshororo wa kwanza. Ukifika wa nne, msikilizaji amekwisha kuushika mwendo kwa mguu wake, na neno likichelewa kidogo au likiwahi kidogo analihisi kama mtikisiko, na hapa unaimba kuhusu kidole kinachotua juu ya jina na kuondoka. Mtikisiko huo ni wa wimbo wenyewe. Uimbe hivyohivyo, bila kuirefusha "tua", na uingie kwenye kiitikio papo hapo, pasiwe na pumzi kati yake na "Hatukugombana".